Nyama Chini ya Jabali

Subilaga Mwakalobo alilikuta paja la nguruwe pori chini ya jabali, limelazwa juu ya majani ya mianzi, halijaguswa. Lilikuwa la tatu wiki ile.

Alichuchumaa akaligusa kwa ncha ya fimbo. Nyama ilikuwa bado na uvuguvugu. Pembeni yake palikuwa na paja jingine la juzi, limevimba na kujaa nzi, na hatua chache mbele palikuwa na mfupa wa la zamani zaidi, uliosafishwa na siafu. Hakuna aliyekula wala aliyefukia. Mwindaji alikuwa amekula sehemu yake huko alikoulia, akalibeba paja hili mdomoni kilomita nzima ya mteremko, akaliweka hapa mbele ya mwamba mtupu, akaenda zake.

"Lakini wewe huweki chakula," Subilaga alisema kwa sauti. Alikuwa ameanza kuzungumza peke yake tangu mwaka wa kwanza, na sasa hakugundua tena kwamba anafanya hivyo.

Kitabu kilisema hivyo, sentensi ya saba: likungu hali mzoga na haweki akiba. Subilaga hakuhitaji kukifungua. Yeye ndiye aliyekiandika.

Alikiandika akiwa na miaka ishirini na mbili, katika bweni la chuo, kwa ajili ya mchezo ambao yeye na rafiki zake wanne waliucheza jioni kwa dado walizochonga kwenye soli za ndala. Mmoja alikuwa mganga, mmoja mpiga upinde, mmoja mwizi wa makaburi. Walihitaji jitu la kupigana nalo, na Subilaga, aliyekuwa akisoma elimu ya wanyama, aliwatungia moja. Wenzake wangeridhika na meno na idadi ya nguvu. Yeye aliandika ukurasa mzima: mahali linapolala, linavyokunywa ukungu kwa manyoya yake, linavyosugua shavu kwenye mianzi ili kuweka mpaka. Sentensi kumi na tatu kwa jumla. Ya kumi na moja ilisema: "Likungu huishi peke yake maisha yake yote, kila asubuhi humwita mwenzake, na mwenzake akija, humuua."

Aliipenda sentensi ile. Ilikuwa na huzuni nzuri.

Miaka ishirini baadaye kampuni iitwayo Simulizi Hai ilinunua ukurasa huo, ikauita kitabu, na kuwapa wafumaji wake. Wafumaji ni watu wanaosuka viumbe kutoka kwenye chembe za viumbe wengine, na walikuwa watu makini. Hawakuruka hata neno moja. Manyoya yalifumwa ili yakamate matone na kuyatiririsha hadi kwenye pembe za mdomo. Kooni waliweka mfuko wa ngozi wa kutoa sauti nzito. Kwa ajili ya sentensi ya kumi na moja walifanya kazi mara mbili: waliweka kwenye ubongo fundo moja linalomfanya aite kila ukungu unapopanda, na fundo jingine linaloamka pale tu anaponusa mnyama wa aina yake. Fundo hilo la pili halikuwa limewahi kuamka. Katika dunia nzima alikuwako likungu mmoja.

Aliishi hapa, katika bonde la Ndulilo, nyanda za juu, nyuma ya ua wa umeme wenye urefu wa kilomita arobaini. Kila Jumamosi wachezaji walipanda kwa magari wakiwa wamevaa deraya za plastiki, wakagawana majina ya mashujaa, wakaingia kumwinda. Mikuki yao ilikuwa butu, yenye mwanga. Ilipompata kifuani, kipokezi chini ya ngozi kilipunguza nguvu zake, na zilipofika sifuri pampu ndogo ilimtia dawa ya usingizi. Alianguka. Wakapiga naye picha. Baada ya saa mbili aliamka peke yake kwenye nyasi zilizokanyagwa. Alikuwa ameanguka mara sitini na moja.

Kazi ya Subilaga ilikuwa kuangalia kwamba anaishi kama ilivyoandikwa.

Ilipofika saa tatu ukungu ulianza kupanda kutoka kwenye mianzi. Subilaga alirudi nyuma hadi kwenye mwamba wake wa kuangalizia, upande ambao upepo haungemfikishia mnyama harufu yake. Likungu alitoka kwenye mianzi polepole. Alikuwa na kimo cha nyati mdogo, shingo ndefu, manyoya ya rangi ya jivu yaliyolowa. Alisimama mbele ya jabali. Mfuko wa koo ukajaa.

Sauti yake haikusikika sana masikioni; ilisikika mbavuni. Ilidumu kwa muda wa pumzi moja ndefu, ikakoma.

Jabali likajibu. Mwangwi ulirudi ukiwa umechujwa, mwembamba zaidi, kama wa mnyama aliye mbali.

Likungu aliinamisha kichwa. Alilisogeza lile paja kwa pua, inchi chache, karibu zaidi na mwamba. Kisha akaketi akasubiri.

Subilaga alikuwa ameshika kalamu. Hakuandika kitu. Alielewa sasa nyama ilikuwa ya nani.

*

Sheria ya viumbe vilivyotungwa ilikuwa fupi. Kampuni ilisajili mwenendo wa kiumbe chake, neno kwa neno, na ruhusa ya kuruhusu watu wamkaribie ilitolewa kwa kuamini mwenendo huo. Kiumbe akionekana mara tatu akifanya jambo lisilosajiliwa, alipaswa kuripotiwa, na baada ya ripoti, ndani ya siku saba, "kusimamishwa." Neno hilo lilimaanisha pampu ileile ya kifuani, lakini kwa dawa nyingine.

Mara tatu zilikuwa zimepita zamani. Subilaga alikuwa ameona nyama kumi na saba na hakuwa ameripoti hata moja.

Siku ya Jumatano meneja wa kampuni, Bwana Rwegasira, alipanda kituoni bila taarifa. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusahau kufunga kamba za viatu, na alimletea Subilaga kahawa ya kwao Bukoba kila alipokuja. Nyuma ya gari lake kulikuwa na lori, na juu ya lori sanduku la chuma lenye matundu.

"Nimekuletea mgeni," alisema.

Subilaga alisogea. Kutoka kwenye matundu ilitoka harufu aliyoijua, ya majani mabichi na pamba iliyolowa. Jicho moja la rangi ya asali lilimtazama, likajificha.

"Ana umri gani?"

"Miezi minane. Wamemkuza kwa haraka, chembe zilezile. Bado ni mdogo kidogo kwa mwenzake, lakini meno anayo." Rwegasira alipuliza viganja vyake kwa baridi. "Msimu mpya unafunguliwa Jumamosi ya wiki ijayo. Hatutauza tena uwindaji tu, Bi Subilaga. Tutauza pambano. Wachezaji watakuwa kwenye majukwaa, wanachagua upande, mikuki yao inampa nguvu wanayemtaka. Tiketi zimekwisha."

"Mmoja atakufa."

"Sentensi yako ndiyo inayosema hivyo, si mimi." Alisema bila ubaya, kama mtu anayemkumbusha mwenzake siku ya kuzaliwa. "Nahitaji saini yako tu, kwamba mwenendo haujabadilika. Kwamba wakikutana watapigana."

Waliingia ndani. Subilaga aliweka maji jikoni, akasimama akiyatazama hadi yakachemka. Kituo kilikuwa na chumba kimoja, kitanda kimoja, kikombe kimoja. Rwegasira alikunywa kwenye kikombe, yeye akanywa kwenye bakuli.

"Na kama wasipopigana?" aliuliza.

Rwegasira alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu afike. "Kuna jambo umeliona?"

Angeweza kusema pale. Paja la nguruwe, jabali, na yule mnyama aliyekaa akingoja jabali likubali chakula chake. Rwegasira angesikitika kweli, na kwa masikitiko yake yote angepiga simu, kwa sababu wiki iliyofuata kungekuwa na watoto wa watu kwenye majukwaa, na hakuna mtu anayeweka watoto wa watu karibu na mnyama asiyefanya kilichoandikwa. Hata Subilaga asingewaweka.

"Nauliza tu," alisema.

"Basi nitaisubiri saini yako hadi Ijumaa." Alisimama, akamwangalia kwa muda. "Dada, lini umeshuka mjini mara ya mwisho?"

Alifikiri. Hakukumbuka.

"Baada ya msimu utachukua likizo," Rwegasira alisema. "Ni amri."

Lori lilishusha sanduku kwenye zizi nyuma ya kituo, likageuza, magari yote mawili yakateremka. Subilaga alisikiliza injini hadi zikapotea kabisa.

*

Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya tangi la maji. Mchana wa siku hiyo alipanda ngazi akampigia Lutengano Mwaipopo.

Katika wale wanne wa bwenini, Lutengano ndiye pekee aliyebaki karibu. Alikuwa na duka la vitabu na fotokopi Tukuyu. Zamani yeye ndiye aliyekuwa mchezeshaji, yule asiyekuwa na mhusika wake mwenyewe, anayewaambia wengine nini kiko nyuma ya mlango.

"Ugonile, Subi," alimsalimia kwa lugha ya kwao. Nyuma yake mashine ilikuwa ikitema karatasi. "Nilidhani umekufa huko."

"Bado. Lute, unaikumbuka sentensi ya kumi na moja?"

Hakuuliza ya wapi. "Ya kuita na kuua? Naikumbuka."

"Niliiandika kwa nini?"

Mashine ikanyamaza. Labda aliizima. "Hukumbuki kweli? Ilikuwa Pasaka. Sote tulirudi makwetu, wewe ukabaki. Mama yako alikuwa ameolewa tena mwaka ule, hukutaka kwenda. Bweni lilikuwa tupu, ukakaa siku kumi. Tuliporudi ukurasa ulikuwa tayari. Tukausoma, tukacheka, kisha hakuna aliyecheka tena."

"Mbona hamkusema kitu?"

"Tungesema nini? Tulikuwa watoto. Nilitaka kukuuliza kwa nini lazima amuue. Halafu nikaona kama nitakuuliza, utalia mbele ya watu. Nikatupa dado, tukaendelea."

Upepo ulikuwa mkali juu ya tangi. Subilaga alijifunga kanga kichwani kwa mkono mmoja.

"Ilisikika vizuri tu," alisema. "Ndiyo maana. Kama angekuja mwenzake wakaishi pamoja, ingekuwa hadithi ya kawaida."

"Labda. Lakini ilikuwa karatasi, Subi."

"Sasa si karatasi."

Alimweleza yote, nyama, mwangwi, sanduku, saini. Ilimchukua muda mrefu kwa sababu hakuwa amezoea tena kumaliza sentensi. Lutengano hakumkatiza.

"Ukisema, wanamuua," alisema mwishoni. "Usiposema, mmoja anamuua mwenzake mbele ya watu wanaopiga makofi."

"Ndiyo."

"Na wewe hujui kama watapigana."

"Hakuna anayejua. Ana fundo kichwani linalomwambia aue. Na ana hili jingine la nyama, ambalo hakuna aliyelifuma. Sijui lipi lina nguvu."

"Basi unataka nikuambie nini?"

"Hakuna," alisema Subilaga. "Nilitaka mtu mwingine ajue."

*

Alhamisi asubuhi aliketi mezani akaandika ripoti. Aliandika tarehe zote kumi na saba, uzito wa kila nyama, hatua ngapi kutoka kwenye mwamba. Aliandika kwamba alikuwa ameyaona hayo kwa wiki saba na kuyaficha. Aliandika kwamba leo saa tatu atamfungulia mnyama wa pili, ili ionekane kama watapigana, bila wachezaji na bila mtu mwingine bondeni, na kwamba uamuzi huo ni wake peke yake. Akapanda juu ya tangi, akaituma kwa Mamlaka na nakala kwa Rwegasira. Alituma kwanza na kufungua baadaye, ili asipate nafasi ya kurudi nyuma.

Alifungua lango la zizi linaloelekea bondeni, kisha kufuli la sanduku likafunguka kwa kidole chake. Alikwenda akapanda juu ya mwamba wake akiwa na bunduki ya sindano. Ilikuwa na sindano moja.

Yule mdogo hakutoka mara moja. Alitoa pua, akairudisha. Hakuwa amewahi kukanyaga udongo. Alipotoka hatimaye alitembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake, akinyanyua kila mguu juu mno, na ukungu ulipomlowesha mgongo alisimama kwa mshangao, akalamba pembe za mdomo wake, akalamba tena.

Kisha alifika kwenye mianzi iliyosuguliwa shavu.

Subilaga aliliona fundo likiamka. Manyoya yote ya mnyama yalisimama. Alianza kung'ata mianzi, akaivunja, akaichanachana, huku akirudi nyuma na kwenda mbele, kana kwamba miguu ya mbele na ya nyuma ilikuwa na mawazo tofauti. Alikuwa na hofu kuu. Subilaga hakuwa amefikiria hilo alipoandika. Aliandika "humuua," na hakuandika kwa nini, na wafumaji, walipohitaji sababu, walichagua hofu.

Mkubwa alikuwa mbele ya jabali, na nyama ya asubuhi ile ilikuwa miguuni pake. Upepo uligeuka. Alinyanyua kichwa, akaanza kutetemeka mwili mzima kama mgonjwa wa malaria.

Mdogo ndiye aliyeshambulia. Alitoka kwenye mianzi mbio, akampata mkubwa begani, akararua. Damu ilikuwa nyeusi kwenye manyoya yaliyolowa. Mkubwa aligeuka, na kwa pigo moja la shingo akamlaza chini, akamkaba koo, akamkandamiza kwenye mawe.

Subilaga aliinua bunduki. Akamlenga mkubwa, kisha kidole kikakataa. Ikiwa mkubwa atalala, mdogo ataamka na meno yake. Ikiwa atalala mdogo, mkubwa atamaliza. Atakayelala ndiye atakayekufa. Hakuwa amelifikiri jambo hilo rahisi hadi dakika ile, na miaka mitatu ya kuwaandikia watu ripoti za usalama haikumsaidia chochote. Aliweka bunduki chini.

Chini ya meno ya mkubwa, mfuko wa koo wa mdogo ulijaa. Sauti iliyotoka ilikuwa mbovu. Ilianza juu mno, ikavunjika katikati, ikamalizikia kwenye kikohozi. Alikuwa anaita. Ukungu ulikuwa unapanda, ilikuwa saa tatu, na yeye pia alifumwa hivyo.

Mkubwa aliganda.

Jabali likarudisha ile sauti mbovu, ikiwa imechujwa. Mkubwa alitazama jabali. Akamtazama aliye chini yake. Kwa miaka mitatu, kila asubuhi, sauti ya jabali ilikuwa imemwambia kile alichokisema yeye na si zaidi. Sasa ilikuwa imesema kitu ambacho yeye hakukisema, na kilikuwa kimetoka hapa, katikati ya meno yake.

Aliachia.

Akarudi nyuma. Likungu hawarudi nyuma. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hurudi, na Subilaga hakuwa amewahi kumwona akifanya. Alirudi kinyumenyume, bado akitetemeka, manyoya yamesimama, kila msuli ukimvuta mbele. Alipofika kwenye nyama alishusha pua, akaisukuma. Si kuelekea kwenye mwamba. Akaisukuma upande wa mdogo, hatua moja, mbili, hadi hakuweza tena kuvumilia harufu, akageuka akapanda ukingo wa bonde, mbali, hadi pale upepo usipomfikishia harufu. Hatua mia mbili hivi. Hapo alisimama akajilamba bega.

Mdogo alilala muda mrefu bila kusogea, Subilaga akadhani amekufa. Halafu aliinua kichwa, akanusa, akajivuta kwa tumbo hadi kwenye nyama. Alikula yote.

*

Mkaguzi wa Mamlaka alifika Jumanne. Aliitwa Bi Raya Msellem, mama wa Kiunguja mwenye umri wa kustaafu, aliyevaa viatu vya mpira na makoti mawili, moja juu ya jingine. Alisema wazi kwamba hajawahi kuona mahali pabaya pa baridi kama hapa. Rwegasira alikuja naye na kukaa pembeni bila kusema. Hakuwa amelala, ilionekana. Alikuwa amelazimika kufuta Jumamosi yake.

Bi Raya alikaa kwenye mwamba asubuhi tatu mfululizo na darubini. Siku ya tatu alimwita Subilaga, akafungua jalada magotini.

"Nambie mwanangu," alisema. "Hii ripoti yako. Umeona, au umebuni?"

"Nimeona."

"Na hiki?" Alinyanyua ukurasa wa sentensi kumi na tatu, wenye mihuri.

"Hicho nilibuni."

"Chote?"

"Chote. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili."

Bi Raya alikitazama ukurasa kana kwamba umebadilika mkononi mwake. "Miaka kumi na minne nafanya kazi hii," alisema. "Nimesimamisha viumbe ishirini na sita kwa kutokufuata vitabu. Sikuwahi kuuliza aliyeandika kitabu alikuwa amekaa wapi alipokiandika." Alikunja ukurasa mara mbili, akautia mfukoni mwa koti la ndani. "Ulificha wiki saba. Kama wangekuwako watu bondeni siku moja katika hizo na mnyama akafanya jambo, ungebeba wewe."

"Najua. Walikuwako. Kila Jumamosi."

"Basi usilisahau."

Uamuzi aliouandika pale pale, kwa kalamu ya risasi iliyokatika mara mbili, ulikuwa huu. Michezo Ndulilo isimame, kwa sababu hakuna awezaye kuwaahidi watu chochote juu ya mnyama anayejifunza. Wanyama wawili wasisimamishwe kwa mwaka mmoja, hadi mwenendo wao uandikwe upya kwa kuonwa. Subilaga anyang'anywe cheti cha usalama na asisimamie tena watu mahali popote. Mtu mmoja abaki kituoni kuandika, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka, abaki yeye.

Rwegasira alimsaidia mzee kupanda gari. Kabla hajaingia mwenyewe alirudi, akamkabidhi Subilaga mfuko wa kahawa aliokuwa ameusahau kwenye kiti.

"Ningeiomba saini ile hata kama ungeniambia ulichokiona," alisema. "Nimefikiri sana. Ningeiomba." Hakungoja jibu.

*

Kampuni ilivunja majukwaa na kuondoa jenereta kubwa. Wapishi waliokuwa wakija Jumamosi hawakuja tena, wala wachezaji na deraya zao. Subilaga hakuwa amewapenda, lakini sasa wiki haikuwa na umbo, Jumamosi ilifanana na Jumanne, na kuna siku alifungua mdomo kuita kitu jina lake na sauti ikatoka na kutu.

Aliandika. Likungu wawili hawakukaribiana zaidi ya hatua mia mbili hata siku moja. Hofu ilikuwa bado ndani yao na huenda isingetoka kamwe. Bega la mkubwa lilipona vibaya, akawa anachechemea. Aliwinda kidogo. Nyama aliyoiweka sasa aliiweka kwenye kilima cha katikati, kisha akaondoka, na mdogo alikuja kuichukua upepo ukiwa umetulia. Mwezi wa tatu baada ya uamuzi ikawa mara moja moja kuna paja la funo pale ambalo mkubwa hakuliweka. Hayo aliyaandika bila kuyapamba. Sentensi zilikuwa mbovu na fupi, na baadhi ziliishia kwa "sijui."

Jumapili moja Lutengano alipiga mwenyewe, mapema kuliko kawaida yake. Alikuwa na mpango wa kupanda mwezi ujao na pikipiki, kama njia haijakatika, na alitaka kujua amletee nini.

"Kikombe," alisema Subilaga. "Kipo kimoja tu."

"Kikombe. Nini kingine?"

Ukungu ulikuwa unaanza kupanda. Alimwambia anyamaze, akaelekeza simu bondeni, akanyoosha mkono wote kutoka juu ya tangi.

Sauti ya mkubwa ilipanda, nzito, ikakaa mbavuni mwake. Jabali likaijibu kama siku zote. Kisha kimya kilikuwa kirefu, kirefu kiasi kwamba alitaka kurudisha simu sikioni aombe radhi. Halafu upande wa pili wa bonde, kwa kuchelewa, ikaja ile iliyovunjika katikati.

Alirudisha simu. Lutengano alikuwa bado yuko, pumzi yake ilisikika.

"Nimehesabu tatu," alisema. "Ya pili ni ya jabali."

"Ndiyo."

"Na ya tatu?"

Subilaga alitaka kueleza, akajikuta analia. Lutengano alisubiri amalize; safari hii hakutupa dado.